Mama wa Maziwa wa Mwanamfalme

Kijijini kwao Normandi, Ufaransa, hakuna asiyejua kwamba Mathurine Lecoq alimnyonyesha mwanamfalme. Alichukuliwa kwa gari la farasi akiwa na miaka ishirini, akakaa miaka miwili kwenye jumba la wakubwa, huku mwanawe wa kumzaa akiachiwa bibi na maziwa ya ng'ombe. Mtoto yule hakutimiza mwaka. Mathurine alirudi na shali ya hariri, na watu wakamwonea wivu.

Mapinduzi yalipokuja, sifa ikageuka shtaka. Mfalme alikatwa kichwa, jamaa zake wakatawanyika, na yule mwanamfalme, sasa kijana wa miaka kumi na tisa, akatoroka asijulikane aliko. Mathurine akifika kuoka mkate kwenye tanuri la kijiji, wanawake wananyamaza. Hata Thomasse, shoga yake wa tangu utotoni, siku hizi humwita "raia", kama anavyowaita wapita njia.

Adhuhuri moja, Mathurine akimenya matofaa, akaingia kijana mwenye koti lililochanika.

"Mama," akanong'ona, "hunijui?"

"Sikujui. Sema shida yako."

"Ni mimi, mwanao wa maziwa. Nifiche siku mbili tu, nivuke bahari."

Umri ulilingana, na macho yalikuwa ya buluu vilevile. Lakini koti lilichanika vizuri mno, kama lililopitishwa mkasi.

"Maskini mwanangu! Na lile kovu, mbwa wangu mweusi alipokung'ata, lilipona?"

"Lilipona, Mama. Hata leo nikimwona mbwa mweusi natetemeka."

Mathurine hakuwahi kufuga mbwa. Tena mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa na miaka miwili, angekumbuka nini?

"Kula, baba," akamwambia, akimsogezea mkate na jibini. "Naleta siagi."

Alipotoka nje alipiga ukelele: "Jamani, majirani! Nimemkamata mwanamfalme!"

Watu walikuja mbio na uma za kugeuzia majani makavu. Kijana alilambwa makofi hata jibini likamtoka mdomoni.

"Niacheni! Mimi ni mtu wa Kamati ya Mapinduzi!" akalia, akitoa karatasi kifuani.

Mhunzi Guillemin aliisoma kwa sauti: mjumbe huyu ametumwa kumpima raia Lecoq uaminifu wake, kwa taarifa ya jirani yake.

"Nani alikuambia?" kijana akamfokea Mathurine.

"Kuniambia nini? Si umesema mwenyewe kuwa u mwanamfalme?"

Watu waliangua kicheko. Mathurine hakucheka. Alizitazama nyuso moja moja. Jirani yake yupi? Thomasse alikuwa ameinama, akifunga kamba ya kiatu chake cha mti, kiatu ambacho hakina kamba.

Hakumuuliza. Tangu siku hiyo akaoka mkate wake nyumbani, kwenye majivu.

Majira ya baridi yaliyofuata, habari zikafika kwamba mwanamfalme amekufa kwa homa huko ugenini. Aliyezileta ni Thomasse. Aliketi karibu na moto, akamshika mkono.

"Pole, Mathurine. Lia, tuko wawili tu."

Jina lake, baada ya muda wote ule! Kisha akaona jinsi macho ya Thomasse yalivyomganda usoni, yakisubiri chozi la kwanza.

"Nimlilie nani?" Mathurine akasema. "Mwanangu alikufa zamani, raia. Nipishe, unga umeumuka."