Chupa Mbili za Chai Mezani

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, mdogo wangu alirudi nyumbani Bwera na kazi ya kemia ambayo haikuisha: unga mweupe kidogo ndani ya kichupa. Ukiuyeyusha kwenye maji, alinieleza, chembe zake hutafutana zenyewe, hujipanga polepole, na baada ya siku nzima maji huganda kama uji uliolala. Zikijipanga hutoa joto, dogo mno. Hilo ndilo alilotakiwa kulipima, la sivyo arudie mwaka.

Alichukua chupa zangu mbili za chai. Moja aliitia dawa yake, nyingine maji matupu ya kulinganishia, kila moja na kipimajoto kilichopenya kwenye kizibo. Kisha akaenda Kasese kuchapisha kurasa zilizokuwa tayari, akaniachia daftari. Kila nusu saa niandike namba mbili. Nisiguse kitu.

Niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, ili wadogo wasome. Kukaa mikono mitupu sikuzoea. Nilisoma namba, nikafagia, nikarudi kabla ya wakati, nikatoka tena. Hazikusogea. Nikaanza kuhisi ninaziharibu kwa kuzitazama.

Saa nne akaingia jirani, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge. Akaketi, macho mezani.

"Yaya, chai," alisema; kwao yaya ni dada.

"Leo hakuna, mama."

"Termosi mbili pa meza, na chai hakuna?"

"Ni masomo ya mdogo wangu."

"Masomo mu termosi! Na sukari yake iko wapi?"

Nilicheka, na kabla sijamaliza alikuwa ameinua chupa moja na kuitikisa karibu na sikio, kama sote tunavyofanya kujua kama chai imebaki. Ilikuwa ile yenye dawa, na chembe zilizokuwa zikijipanga zikavurugwa.

Alipoondoka nilizunguka meza. Namba zilizobaki ningeweza kuzibuni. Mwishowe nikaandika: saa nne na robo, imetikiswa.

Mdogo wangu alirudi alasiri, akasoma, akafunga daftari.

"Ungeandika namba tu, dada. Nisingejua."

"Walimu wangekuuliza wewe, si mimi."

Akainua kichupa kwenye mwanga. Unga uliobaki ulitosha mara moja tu. Alipaswa kusafiri kesho yake kumpelekea mwalimu kazi hiyo, akaahirisha.

Asubuhi tulianza upya, mlango tumeufunga, jambo ambalo kwetu huwafanya watu waje kuuliza kuna nini. Walibisha hodi mara tatu. Sikuitika. Saa saba kipimajoto cha dawa kilikuwa nusu alama juu ya kile cha maji. Nilisoma mara mbili, ndipo nikaandika.