Matroni na Tangi la Mkwewe

Tangu ujana hadi alipostaafu, kazi yake ilikuwa bweni la wasichana. Muhula ulipoanza, wenzake walihangaika na magodoro. Yeye alisimama mlangoni akiwatazama wasichana wakiingia, na kabla sanduku la mwisho halijateremshwa alikwishajua nani atalala na nani. Mkoromaji hakumweka karibu na mwenye usingizi mwepesi. Mwonevu hakumtia chumba cha wanyonge. Basi hata leo wengi hawalijui jina lake. Yeye ni Matroni tu.

Alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, bintiye alimchukua akae kwake. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana Matroni hakuzoea kukaa. Alishinda kwenye kiti cha sebuleni, mguu juu ya mto, akiambiwa "Mama, tulia" mpaka neno lenyewe likamchosha masikio. Mkwewe, fundi vioo, alikuwa na heshima ya kupitiliza: alimwamkia macho chini, kisha akatokomea. Zaidi ya salamu hawakuwa na maneno.

Sebuleni palikuwa na tangi la samaki, refu kama kabati lililolazwa. Vioo vyake fundi alivikata na kuviunganisha kwa gundi mwenyewe. Tangi lilipendeza, wakazi wake ndio waliokuwa msiba. Kila alipopata nafasi fundi alileta samaki wapya, na haukupita muda akawa anawaopoa, matumbo juu.

"Ni maji haya," alimwambia mkewe kwa unyonge. "Sijui nitie dawa gani tena."

Matroni akakohoa kidogo.

"Mkwe wangu, nisamehe kwa kuingilia. Si maji. Bweni limepangwa vibaya."

Fundi alisita, akatazama mlango, kisha akavuta kigoda akaketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi na mama mkwe.

"Huyo bonge wa kahawia unamwona mpole kwa sababu unarudi jioni ameshashiba," Matroni alisema. "Mchana kila anayeenea mdomoni mwake anamezwa. Hao wa milia wanashinda wakimdonoa yule mwenye nyuzi ndefu kifuani. Wale wenye sharubu, kule chini, chakula hakiwafikii. Na yule mwekundu nyuma ya jiwe haumwi. Ni mpweke. Ulimnunua peke yake?"

"Ndiyo, mama. Nilipenda rangi."

"Rangi! Ningewapanga wasichana kwa rangi za masanduku yao, bweni lingewaka moto."

Binti yake, huko jikoni, alicheka mpaka sufuria ikaungua.

Daktari alikuwa amemsihi Matroni atembee, naye kila siku alikuwa na udhuru. Lakini fundi aliposema anakwenda duka la samaki, Matroni ndiye aliyetangulia kuvaa viatu. Walikwenda polepole, bonge na wale wa milia ndani ya ndoo.

Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. "Bibi, tazama huyu! Mali safi!"

"Akikomaa anafika wapi?"

Muuzaji akaonyesha kiganja. Matroni akamkazia macho. Muuzaji akapandisha kidole hadi kwenye kifundo cha mkono, na mwisho, kwa shingo upande, hadi karibu na kiwiko.

"Mwache hapohapo. Na huyu wa dhahabu?"

"Huyo anataka maji ya baridi, Bibi."

"Tangi letu lina hita ya kupasha maji. Hawezi."

Walimwachia muuzaji wale wakorofi, wakachukua kundi la wekundu, wenye sharubu wachache na chakula kinachozama. Fundi alitaka kuongeza wengine, Matroni akamvuta shati. "Nafasi, mkwe. Nafasi ndiyo amani."

Na amani ikaja kweli. Yule mwekundu alitoka nyuma ya jiwe akaingia katikati ya wenzake, wakawa wanageuka pamoja kama kitambaa kinachopepea. Mwenye nyuzi aliranda juu bila kuguswa. Hakufa hata mmoja.

Asubuhi moja Matroni aliona vitone vyeupe vimenata kwenye kioo, na wenye sharubu wakianza kuvila.

"Mkwe! Mayai! Njoo na wembe, upesi!"

Fundi alikuja mbio, povu la sabuni kidevuni. Kwa mkono uliozoea vioo alivibandua vitone vile, kimoja kimoja, na Matroni akavipokea kwenye bakuli lenye maji ya tangi na mpira wa kupulizia hewa. Vilipoanguliwa, vikawa vijisamaki vyembamba kuliko uzi, fundi alisahau heshima zote. Alimshika mama mkwe mikono miwili.

"Mama, tumeweza! Wako hai!"

"Wako hai, mwanangu," alijibu Matroni, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Muuzaji alipopata habari alikuja kuwaona kwa macho yake. Tangu hapo wateja wake wasiojua wamchague samaki gani amekuwa akiwaelekeza kwa Matroni, naye huwahoji kama wazazi siku ya kufungua shule. Na fundi, bila kuombwa, alimkatia tangi la pili, akaliweka chumbani mwa mama mkwe.