Kwale wa Arobaini

Kwetu mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hahesabiwi kuwa amesimama mpaka anywe supu ya kwale. Mpe uji wa pilipili manga, mkande maji ya moto asubuhi na jioni, mfunge tumbo kwa kanga mbili; bado ni mgonjwa tu mpaka lije bakuli lile. Sijui nani alianza. Nyanya yangu alikunywa, mama yangu alikunywa, na mimi nimekunywa mara tatu, kila mtoto na supu yake, na mara zote aliyeleta ndege alikuwa mjomba wangu wa kijijini Uroa, mdogo wake mama. Nimejisifia supu zile kwa miaka. Mwanamke yeyote wa mtaani kwangu Malindi, hapa mjini, akilalamika mgongo baada ya kuzaa, mimi humwambia shida yake ni moja tu, hakunywa kwale.

Kwa hiyo binti yangu alipojifungua masika haya, mjukuu wangu wa kwanza, sikufikiri mara mbili. Nilitoa ahadi chumba kimejaa watu: kabla ya arobaini, mwanangu atakunywa supu ya kwale. Mama mkwe wake, mwanamke wa Mtoni mwenye sauti ya upole inayochoma, akasema siku hizi kwale hawaonekani. Nikamjibu kwamba hawaonekani kwa wasio na wajomba. Mdomo wangu huu umeniponza tangu utotoni na bado sijajifunza kuufunga.

Siku zikaenda. Kila nikipiga simu, mjomba ananiambia anakwenda uwandani, kule kwenye vichaka vya mawe, kila alfajiri, kwale wapo, ila wamekuwa wajanja. Siku ya kumi wajanja. Siku ya ishirini wajanja. Mama mkwe naye kila akija kumwona mjukuu huinua kifuniko cha chungu, akatazama ndani, akakirudisha. Siku ya thelathini na nne nilishindwa kuvumilia, nikafunga mkoba nikaenda kulala Uroa, nione mwenyewe ujanja huo.

Kwale, kwa asiyemjua, ni ndege wa ardhini, mwenye shingo nyekundu, mdogo kuliko kuku, na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Masika dume lake huingiwa na wivu. Akisikia dume mwenzake analia kwenye eneo lake, huja mbio kumfukuza, na hapo ndipo mjomba anapompatia. Ana kifuu cha nazi chenye tundu moja. Hukiweka mdomoni akalia kwa koo lake mwenyewe, mara tatu kwa nguvu, kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja na kusubiri jibu. Mbele yake huwa ameshachomeka uzio mfupi wa vijiti wenye mlango mmoja, na mlangoni ametega kitanzi. Jike hamgusi. Anakamata dume tu, tena mmoja kwa mzazi mmoja, na katika maisha yake hajawahi kuuza hata mmoja.

Kuhusu sauti yake, sisemi kwa sababu ni mjomba wangu. Kuku wa mkewe wakimsikia hukimbilia bandani. Kitu kimoja tu kimeongezeka uzeeni: kila akimaliza kulia hukohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mke wa mjomba aliniazima viatu vya raba, maana mawe ya uwandani hayana huruma na malapa ya mjini, akaniambia nikirudi nipite kwanza jikoni kwake. Njiani mjomba alinionyesha pale walipokuwa kwale wengi enzi zake: hapa sasa ukuta wa hoteli, pale watu wamechimba mawe ya kujengea, kule vichaka vimekatwa kuni na paka wa mwituni wamemaliza mayai. Alisema yote hayo kwa uchangamfu, kama mtu anayeonyesha nyumba za jamaa zake. Kisha akanitaka ninyamaze, jambo ambalo wanaonijua watasema ndilo lililokuwa gumu kuliko yote siku ile.

Akatega. Tukachutama nyuma ya kichaka. Akalia mara tatu, akakohoa, akainamisha kichwa. Kimya. Akalia tena. Kimya. Magoti yangu yalikuwa yameanza kutoa malalamiko yao wakati, kutoka mbali upande wa bahari, tuliposikia jibu.

Mjomba alinishika mkono. Macho yalimng'aa kama mtoto aliyeona mwezi wa Idi, na mimi, nakiri, nilikuwa tayari nafikiria nitakavyoingia na chungu kile mbele ya mama mkwe. Akalia, akajibiwa. Akalia, akajibiwa. Nusu saa nzima waliongea hivyo, na yule wa upande wa pili akawa anasogea, lakini kwenye kitanzi haji. Mjomba akaninong'oneza kwamba huyu ndiye yule yule, siku ya nne leo anamjibu na haji, na kwamba hajawahi kuona dume mwenye maneno mengi na miguu mizito namna hii. Nilimwambia nawajua wanaume wa aina hiyo. Akasema kama haji, tutamfuata sisi.

Tukamfuata. Mjomba mbele anatambaa, kifuu mdomoni, mimi nyuma nimeshika pindo la kanga nisinase kwenye miiba. Jibu likawa karibu, karibu zaidi, nyuma ya kichaka kimoja tu. Mjomba akapenua majani taratibu.

Upande wa pili walikuwa wamechutama Wazungu watatu wenye darubini shingoni, na mbele yao mtembezaji wao, mtu mzima mwenye ndevu, ameshika simu na spika ndogo. Tulitazamana. Adabu ikamwokoa yule mtembezaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mjomba akajibu, bado amepiga magoti, na kifuu akakificha nyuma.

Wakavutana pembeni, nami nikawafuata, maana sikuja Uroa kukosa habari. Yule bwana akaeleza kwa aibu. Wageni wake wanapenda ndege, wana madaftari ya kuandika kila ndege waliyemwona au kumsikia. Yeye hupiga sauti ya kwale kwenye simu ili kwale wa kweli ajibu. Siku nne sasa anajibiwa, wageni wamefurahi, wameshaandika. Akamwomba mjomba asiwaharibie. Mjomba akamuuliza yeye mwenyewe amemwona kwale lini kwa macho. Akajibu kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi. Na sauti aliipata wapi? Hapa hapa, akasema, miaka miwili nyuma, alfajiri moja alimsikia karibu kabisa, akamrekodi mwenyewe. Akaibonyeza simu tusikie.

Mara tatu, kwa nguvu, sauti safi kabisa. Kisha kimya kidogo. Kisha kikohozi.

Kwa mbali kile kikohozi kilikuwa hakisikiki. Kwa karibu hakikuwa na shaka.  Siku nne nzima mjomba alikuwa akijiita na kujijibu mwenyewe. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia, nikafanya la kwanza, na baada ya muda naye akacheka mpaka akakohoa, na wale Wazungu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Lakini kutegua kile kitanzi alikitegua kimya kimya, na vijiti akaving'oa kimoja kimoja, akaviacha pale pale.

Nilipita jikoni kama nilivyoagizwa. Chungu kilikuwa motoni tayari. Mke wa mjomba alikuwa amechinja jogoo mchanga, amemkatakata vipande vidogo, shingo na mbawa amezitoa kabisa asitambulike, na amemtia pilipili manga na tangawizi ya kutosha kumwamsha mgonjwa wa mwezi. Nilisimama nikimtazama. Hiyo haikuwa kazi ya mtu anayejaribu mara ya kwanza.

Nikamuuliza tangu lini.

"Mwanangu, wewe mwenyewe ulikunywa nini?" akasema, mwiko mkononi. "Kwa mtoto wa kwanza ulikunywa kwale. Wa pili, kwale nusu na kuku nusu. Wa tatu, kuku mtupu."

Mtoto wangu wa tatu ana miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne nimewatangazia wanawake wa Malindi mgongo wangu uliojengwa na kwale. Nilikasirika, nikamgeukia mjomba aliyekuwa amesimama mlangoni, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa ndo kwanza umezaa," akasema. "N'ngekuletea habari hiyo kitandani?"

Hasira zangu hazijui kukaa na jibu kama hilo. Nililia kidogo, nikasingizia moshi, nikafunga chungu kwenye kitambaa nikarudi mjini.

Mama mkwe alikuwapo, bila shaka. Akainua kifuniko, akachota kijiko, akafumba macho. Akasema hicho ndicho chenyewe, ndivyo alivyokunywa yeye kwao Mtoni alipojifungua mtoto wake wa mwisho, ladha ya kwale hajaisahau. Nilipiga hesabu ya umri wa huyo mtoto wa mwisho, nikaukuta hauzidi wa mtoto wangu wa tatu, nikameza maneno yangu. Huo ni ushindi mdogo, lakini wanaonijua watauthamini. Alipoondoka nikakaa na binti yangu nikamwambia kweli yote, kikohozi na kuku. Alicheka mpaka akashika mshono wa uzazi. Akamaliza bakuli. Kisha akaniuliza mwanawe atamjuaje kwale, nami nikampigia mjomba.

Alikuja siku ya arobaini, amevaa kanzu, kifuu mfukoni. Mtoto ameshanyolewa na anawalilia watu wote. Mjomba akakaa karibu naye, akalia, si kwa nguvu ya uwandani, kwa sauti ya chumbani, mara tatu. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kutafuta. Wanawake wakapiga vigelegele na chumba kikajaa kicheko. Mjomba hakucheka nao. Alikohoa, akaweka kifuu mapajani, akainamisha kichwa upande wa dirisha na kusubiri.