Pretoria Haikumjua Shemasi Wetu

Muhuri wa polisi ulikuwa na mlio wake: ta-paa. Kwanza unalamba wino, ta, halafu unaangukia karatasi, paa, na kaunta nzima inatikisika mpaka kalamu iliyofungwa kwa uzi inaruka kidogo. Siku ile nilikuwa na kopi kumi na mbili za kugongwa, kwa hiyo nilisikia ta-paa mara kumi na mbili. Afande alipomaliza akaniuliza kama nafungua kampuni. Nikamwambia hapana, baba, ni chekechea.

"Sharp," akasema. "Basi njoo uchukue na wangu wawili. Wananimaliza."

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka Bertrams, mtaa wetu hapo Johannesburg.

Ilikuwa 2017, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule niliiacha sekondari mwaka wa tatu, tulipokimbia Kivu, lakini Kiingereza cha fomu nilikijua vizuri. Nilijifunzia kwenye foleni za karatasi za ukimbizi. Chekechea yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, watoto ishirini na watatu, na wafanyakazi wanne: mke wa mchungaji aliyekuwa bosi wetu, mpishi, mimi, na shemasi aliyeendesha kombi ya kuwaleta watoto na kuwarudisha. Mimi niliota siku moja kuwa na chekechea yangu mwenyewe. Kuta za njano, na vyoo vifupi vya kimo cha mtoto, ili asining'inie kama ndege. Nilikuwa nimeshapima mpaka urefu wake, kwa kamba.

Ili chekechea yetu iandikishwe serikalini, mama wa ustawi wa jamii alikuja kutukagua. Alikalia kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akatueleza kwa upole. Alisema kuna rejista Pretoria. Mtu akihukumiwa kwa kumchezea mtoto kimwili, mahakama inaamuru jina lake liandikwe humo. Kila anayefanya kazi na watoto lazima aulizwe huko kwanza: fomu, kopi ya kitambulisho iliyogongwa muhuri, kisha kusubiri jibu.

"Na akikutwa humo?" mpishi akauliza.

"Hafanyi kazi na watoto. Hawapikii, hawaendeshi. Na bosi akimweka huku anajua, naye ana kesi."

"Eish. Basi andikeni kabisa kwamba mimi nilimpiga mume wangu na mwiko."

"Hiyo ni rejista nyingine, mama," yule mgeni akajibu, na sote tukaangua kicheko, shemasi naye.

Mimi nikauliza kama naweza kwenda Pretoria kuisoma. Akatikisa kichwa. "Si tangazo la kubandika ukutani, binti. Mwajiri anauliza kuhusu mtu wake mmoja, inajibu yumo au hayumo. Basi."

Shemasi nilimjazia fomu mimi, ndani ya kombi, tukiwa tumeegesha karibu na uwanja wa mpira. Tulimwita Yaya, kaka mkubwa. Sauti yake ya kuimba ilikuwa tamu mpaka watoto walikuwa wakigombania kiti cha mbele. Ile wiki wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani na maduka yao kuvunjwa, ni yeye aliyetutoa chumbani, mimi, mama mdogo wangu na binti yake, akatulaza chini ya mabegi ndani ya kombi hiyo hiyo na kutupitisha. Kwenye robot, zile taa za barabarani, tuliposimama nilisikia watu wakipiga bati kwa fimbo. Yeye alikuwa akiimba taratibu, ili tusiogope.

Nikafika kwenye swali: umewahi kuhukumiwa?

"Andika hapana, mdogo wangu," akasema, akitazama nje.

Nikaandika hapana. Haukuwa uongo. Hakuna mahakama iliyowahi kumwona.

Lakini mimi nilikuwa najua. Mwishoni mwa 2015, binti wa mama mdogo, ambaye kwangu ni mdogo wangu wa tumbo moja tu kasoro tumbo, alinishika mkono baada ya mazoezi ya kwaya, akaniambia alichofanyiwa na shemasi kwenye chumba cha vyombo vya muziki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwambia mama mdogo, mama mdogo akamwambia mchungaji, mchungaji akaita wazee. Ndiyo njia yetu. Kwetu, upande wa mkosaji unaleta mbuzi na kitenge, watu wanakaa, wanasema, wanakula, na jambo linakufa. Johannesburg mbuzi utamchinjia wapi? Walileta kuku wanne wa friji na kreti ya soda. Kitenge kilikuwa cha mama mdogo. Mtoto hakuletewa kitu. Alipelekwa kwa jirani kutazama katuni.

Shemasi alipiga magoti kwenye zulia letu na kulia machozi ya kweli. Mzee mmoja akasema, "Mambo ya nyumba hayaoshewi barabarani. Tukimpa polisi watamrudisha Kongo, na sisi tuliobaki watatutazama vipi?"

Mama mdogo aliuliza kitu kimoja tu: "Na mtoto wangu?"

"Mtoto atasahau," mzee yule akajibu. "Mtoto ni mchanga wa mtoni, maji yakipita hakuna alama."

Mimi nilimimina chai. Vikombe tisa, nikianzia kwa mkubwa kama nilivyofundishwa, na cha shemasi nilimpa kwa mikono miwili.

Walimkalisha benchi la nyuma miezi mitatu, bila kuimba, bila kugawa ushirika. Mwezi wa nne akarudishwa mbele. Wanawake walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Sasa nisemeje hili bila kuonekana mjinga? Nilipoifunga ile bahasha ya Pretoria nilikuwa na furaha ya siri. Serikali hii imechukua alama za vidole vyangu mara ngapi! Inajua siku niliyovuka mpaka, inajua mpaka kidole changu kidogo kilichopinda. Nilidhani mahali fulani katika kompyuta zake yale ya zulia letu yameingia tu, kwa namna yake, kama unyevu unavyoingia ukutani. Nilitaka Pretoria iseme ili mimi nisiseme. Nikayaona tayari: barua inafika, mke wa mchungaji anaisoma, shemasi anakabidhi ufunguo wa kombi, na hakuna mtu anayenitazama mimi.

Tulisubiri miezi. Kila mchana watoto walipopanda kombi, na mimi nilipanda, nikaketi nyuma na kushuka na mtoto wa mwisho kabisa.

"Wewe unataka nikuoe, nini?" shemasi alinitania. "Kila siku kombini!"

"Napenda upepo, Yaya."

Nilikuwa nikirudi kwa miguu kutoka huko, jua lote kichwani.

Barua zilikuja nne, siku moja. Mke wa mchungaji alizifungua mbele yetu akicheza. Hayumo, hayumo, hayumo, hayumo. Nilichukua ya kwangu na ya shemasi nikazilinganisha. Maneno yalikuwa yale yale, mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa majina tu. Zote nne zilibandikwa ukutani kwa pini, kati ya michoro ya watoto ya samaki na jua, na mpishi akasema sasa hata malaika akija kukagua atatupitisha.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku hizo alikuwa akitoka shule na kunisubiri nje ya geti, ndani haingii. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, akaingia. Huyu ni mtoto wa huku: Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na mama yake hulalamika kwamba amezaa mgeni. Alisimama mbele ya ukuta, nywele zinadondoka maji, akasoma barua ya shemasi mpaka chini. Halafu akanigeukia na kusema, kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayebeba kitu kizito:

"Kwa hiyo mwongo ni mimi."

Nilimfunika na sweta yangu tu.

Wiki iliyofuata mama wa ustawi alirudi kupima madirisha. Nilimsubiri mlangoni. Nikamuuliza, "Mama, mtu akisamehewa na kanisa, jina lake nani analipeleka kwenye rejista?"

Aliteremsha kalamu. "Hakuna anayelipeleka. Rejista haina masikio, binti. Inaandika alichosema hakimu. Hakimu anasikia kilicholetwa na polisi. Polisi wanaleta walichoambiwa." Akanitazama sana. "Barua ile haisemi mtu ni mwema. Inasema hatujaambiwa. Na sheria ya hapa, anayejua juu ya mtoto lazima aseme. Mkubwa yeyote. Kuna kitu unajua?"

Nikasema nitarudi kwake. Niliwaza kombi na yale mabati yaliyopigwa, na kanisa linalotuandikia barua kila tunapohuisha karatasi zetu. Niliwaza chekechea ikifungwa, na kuta zangu za njano. Nilijionea huruma siku nzima, nakiri.

Jioni nilikuwa namsuka mdogo wangu, kichwa chake magotini pangu. Nikamwambia, naweza kwenda polisi, lakini nikienda, na wewe watakuuliza. Ni hadithi yako, siwezi kuibeba bila wewe.

Nilimaliza mistari miwili ya msuko.

"Wewe ndiye ulimimina chai," akasema. "Niliona kupitia pazia la jirani."

"Ndiyo."

"Yake uliweka sukari?"

"Niliweka."

"Ngapi?"

"Tatu. Ndivyo anavyopenda."

Nilidhani atainuka aende. Badala yake aliegemeza kichwa zaidi. "Nenda," akasema. "Kuna mtoto anakaa kiti cha mbele sasa hivi. Mimi pia nilikuwa nakipenda kile kiti."

Jumamosi asubuhi nilisimama kwenye kaunta ile ile. Alikuwepo afande yule yule. Aliniona, akanyoosha mkono na kuuvuta muhuri karibu.

"Mwalimu! Kopi ngapi leo?"

"Leo sina kopi, baba," nikamwambia. "Nina maneno."

Alinitazama, akausukuma muhuri pembeni, akaenda kumwita mwanamke asiyevaa sare. Tulikaa chumba kidogo kwa muda wa saa tatu. Alikuwa akiandika kwa mkono, kila ukurasa nautia sahihi. Sehemu ya chai sikuiruka.

Yaliyofuata yalikuwa marefu, na mengi hayakuniachia furaha. Mdogo wangu alizungumza na mwanamke mwingine katika chumba chenye wanasesere, na alipotoka alilala siku mbili. Mama mdogo alinilaani kwanza, kisha akakaa karibu mwaka mzima bila kuniita jina. Wazee walisema nimewauza. Siku nilipopita sokoni wanawake waliopiga vigelegele pamoja nami waligeuza migongo, isipokuwa mpishi, ambaye alinipa bakuli la sombe, kisamvu chetu, na kusema, "Kula, mtoto, na mimi nilijua, sikuwa na mdomo." Baada yetu alijitokeza mama mwingine na binti yake, aliyefanyiwa kabla ya mdogo wangu. Chekechea ilifungwa. Shemasi alikamatwa, akatoka kwa dhamana, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa. Mwaka 2019 tulihama Bertrams, na baada ya hapo habari zilitufikia kwa vipande, kila kipande kikikana mwenzake. Kama hakimu alisema, kama jina lake limeandikwa Pretoria, sijui. Rejista hiyo si ya mtu kama mimi kuisoma. Labda ndivyo inavyopaswa. Lakini mdogo wangu huniuliza mara moja moja, kwa Kiswahili, "Yumo?"

Ila Jumamosi ile yote hayo yalikuwa bado. Nilitoka polisi, jua likiwa kali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nafungua kila asubuhi, nilikuwa na ufunguo wa chekechea. Nilipitia kuchukua sweta yangu. Viti vidogo vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, miguu juu. Nilisimama mbele ya ukuta. Nilitaka kuichana barua ya shemasi, mkono ukakataa, maana barua haikusema uongo, ilikuwa haijaambiwa. Niling'oa pini zake nne, moja moja, nikaziweka kinywani kama fundi cherehani. Nikaigeuza barua, upande mweupe ukaja mbele. Nikairudishia pini zake zote nne, nikafunga mlango.