Mstari Usiokatwa

Siku kaka yake aliponiacha, wifi yangu alinifungia geti, akabaki na tuta langu la vitunguu vya majani. Nimepanga chumba ng'ambo ya ua, na dirishani namwona. Kila asubuhi huchuchumaa, akakata majani kwa mkasi juu kidogo ya udongo ili yachipue tena, kama nilivyomfundisha, kisha akanusa vidole. Ila mstari wa mwisho huumwagilia tu, haukati, hadi umetoa maua. Kwa nini? Jana shoga yake aliunyooshea mkono.

“We! Huo usiguse, una mwenyewe.”

“Mwenyewe nani? Sema tu una choyo!”

Wifi akatazama dirisha langu. Kumbe anajua namwona. Kaka yake sina haja naye tena. Wifi ndiye ninayemdai, anifungulie geti nikakate vitunguu vyangu.