Siku Niliyovivutisha Vifaranga Moshi wa Pilau

Jamani, hii habari huwa siisemi nikiwa nyumbani kwangu, mjini Mpemba, maana pale wateja wangu ndio majirani zangu, lakini nyie ni watu wangu, acheni niitapike tu: mimi, fundi wa mashine za hewa mwenye cheti kwenye fremu ukutani, niliwahi kuvivutisha vifaranga mia tatu moshi wa pilau mbele ya mchungaji na kikundi kizima cha akina mama wafugaji, na nilikuwa nimevaa suti.

Vifaranga vilikuwa vya Mama Nambeye wa Igamba. Igamba mnaijua baridi yake mwezi wa sita. Kundi lake la kwanza aliliwekea jiko la mkaa akaziba kila tundu kwa magunia, vikafa kwa hewa mbaya. La pili akafungua madirisha, vikafa kwa baridi. Hili la tatu alilinunua kwa kahawa yake yote ya msimu, akaniambia likifa na hili anaachana na kuku mpaka anaingia kaburini.

Dawa yake ninayo, nikamwambia. Kuna kiboksi cha feni mbili, hewa chafu yenye joto inatoka, hewa safi ya baridi inaingia, zinapishana humo ndani katikati ya mabati membamba, hazichanganyiki, ila joto la inayotoka linabaki kwa inayoingia. Banda linapumua na halipoi. Mashine nzuri kabisa, na mpaka leo naiamini.

Sasa ujinga wangu huu hapa. Karatasi ya mashine ilikuwa na picha inayoonyesha bomba la kuingiza hewa likae mbali na moshi, mbali na choo, mbali na bomba la kutolea. Niliiona (sitawadanganya, niliiona vizuri sana). Lakini ukuta wa mbele unapigwa na upepo, bomba nililokuwa nalo lilikuwa fupi, na ukuta wa nyuma unatazamana na jiko la kuni la Mama Nambeye, una kauvuguvugu fulani katamu, nikajisemea hewa ikiingia ishapata moto kidogo mashine si itapumzika? Nikatoboa hapo. Mama Nambeye akaja kuuliza kama hapo si karibu na jiko. Nikamjibu kwa kiburi kwamba huo ni utaalamu, aniachie mwenyewe. Nikajaribu mashine saa nane mchana, jiko limezimwa, hewa safi kama ya milimani Ileje, nikajipongeza.

Jumamosi ya kukabidhi wakaja wageni, akina mama wa kikundi waliotaka kuona kama mashine inafaa ili nao waagize, na mchungaji wa kuiombea. Vifaranga vina siku tatu tu, viko ndani vinalia vizuri. Mimi nimesimama mlangoni nahutubia, huku nyuma, kwenye lile jiko la kuni, mashangazi wa Mama Nambeye wameinjika pilau ya watu arobaini kwa kuni mbichi. Nikamkaribisha mchungaji aingie avute pumzi mwenyewe. Akaingia, akavuta, akakohoa, akageuka taratibu akaniuliza, "Fundi, hii hewa safi mbona ina kitunguu?"

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ningezima pale pale ingeishia kwenye kicheko, lakini na ule ubishi wangu nikaongeza spidi ya feni mpaka mwisho, nikidhani nasukuma moshi nje, kumbe ndio nauvuta ndani kwa nguvu zote. Dakika chache banda likawa jeupe. Vifaranga vikaanza kunyoosha shingo na kupanua midomo, sauti ikapungua, na Mama Nambeye akaacha kucheka. Nilivyomwona uso wake nilitamani ardhi inimeze.

Nikakimbilia swichi kubwa, nikazima. Tukafungua mlango, na ile baridi ikaingia bila hodi. Akina mama wakavua vitenge vya mabegani, wakavipakia vifaranga kwenye mabeseni, wakavifunika, wakavipeleka sebuleni. Mchungaji naye amebeba beseni. Vilivyolala visiamke tena vilikuwa saba.

Mtu mmoja akasema fundi apewe nauli aende zake. Nikasema siondoki. Nikapanda bodaboda na suti yangu mpaka Mlowo kununua bomba refu, nikarudi, nikakata umeme, nikatoboa ukuta wa mbele wageni wakiwa wanakula na kunitazama, nikalikingia bomba upepo kwa bati, nikaziba tundu la nyuma kwa saruji, nikachomoa chujio la mashine lililokuwa jeusi kama sufuria, nikaliosha, nikalianika juani. Chakula nililetewa, sikukigusa. Saa kumi na moja nikamwambia Mama Nambeye tayari, vifaranga virudi.

Hakuvileta. Akachochea kuni jikoni, akaongeza nyingine mbichi kwa makusudi, kisha akanifungulia mlango wa banda. "Ingia wewe kwanza," akasema. "Nitafunga mimi."

Nikaingia, nikakaa juu ya ndoo, nusu saa, mashine inaunguruma, nyuso za akina mama zimejaa dirishani kama wanaangalia mgonjwa. Suti imejaa vumbi la tofali. Nikavuta pumzi, nikavuta tena, nilikuwa naogopa kuliko siku ya mtihani. Hakukuwa na moshi. Alipofungua mlango aliingiza pua yake kwanza, akasimama kidogo, halafu akaniwekea beseni la kwanza mikononi.

Tangu siku hiyo sikabidhi mashine mpaka mwenye nyumba awashe majiko yote na anifungie humo ndani nusu saa. Wengine wananiona kichaa, na wanicheke tu. Kama hewa ni ya kumuua mtu, ianze na mimi niliyetoboa ukuta.