Majirani Niliowatoa Nipate Kiswahili

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya ardhi na diploma ya sheria kwapani na viatu vipya miguuni. Conservateur, yaani mkuu wa hati zote za viwanja, aliangalia viatu kwanza, kisha akaniita kama wanasheria wote wanavyoitwa kwetu:

"Maître, hivi umevileta kwa harusi ya nani? Kesho vaa vya zamani. Tunatoka."

Alinipeleka mtaa wa Murara kufanya ile tuliyoiita descente: unaacha makaratasi ofisini, unakwenda kwenye parsele, kiwanja chenyewe, unaita majirani, kila mmoja anasimama kwenye mpaka wake. Kwetu, chini ya volkeno, lava hufunika vigingi na moto hula hati. Lakini majirani wakishasimama, nafasi inayobaki katikati yao ina mwenyewe, na wao wanamjua. Niliwahesabu mara mbili, maana mtu wa kutaka kiwanja cha bure huleta hata jirani wa kukodi.

"Karatasi inaungua, maître," Conservateur alikuwa akisema. "Jirani, ata mubaya, haungui."

Kazi hiyo niliifanya hadi nikawa mshauri wa sheria wa Chef de Division, mkuu wa idara yetu. Ndipo ikaja mashini, akili bandia ya kusoma madai ya viwanja na kuandika majibu. Tume ikaundwa kuitungia kanuni. Chef de Division akanituma mimi: "Weye ata viazi vya soko la Kibumba unavishusha bei."

Nilikwenda na masharti mawili. La kwanza, kabla mashini haijamkatalia mtu asiye na hati, ifanyike descente. La pili, jibu liandikwe kwa Kiswahili, si Kifaransa kile ambacho watu hukibeba mpaka kanisani wakitafuta wa kuwasomea. Directeur, mwenyekiti wa tume, hakutaka hata moja.

"Mashini imeletwa watu waache kutembea. Weye unataka watembee?"

"Basi nipe Kiswahili, Monsieur le Directeur."

"Chukua Kiswahili. Descente uniachie."

Tukapeana mikono. Sokoni, ukienda na viwili ukarudi na kimoja, umeshinda. Nilirudi nyumbani nikijisifu, kana kwamba kile nilichokiacha mezani kilikuwa changu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Mama Kavira, mjane wa Murara anayeuza maharagi, aliniletea barua. Hati yake iliungua lava ilipopita. Mtu mwingine ameleta hati mpya ya parsele ile ile, na mashini imempa huyo.

"Papa Maître, nani aliandika hii?"

"Mashini, mama."

"Inaandika muzuri. Zamani serikali ilikuwa inanifukuza na Kifaransa, ninauliza watu: wamesema nini? Leo nimeelewa kila neno. Asante."

Hakuwa akinicheka.

"Sasa majirani wangu wote wako," akaendelea. "Mutakuja lini kuwaona?"

"Kanuni haisemi tuje, mama."

"Na mwenye kuandika kanuni?"

Nikaangalia viatu vyangu. Kesho yake nilivaa vya zamani, nikaenda. Majirani wanne walikuwa wamesimama kwenye mipaka yao, juu ya lava, na yule mwenye hati mpya ameshamwaga mchanga wa kujengea. Nikawahesabu, nikarudia. Wanne. Mama Kavira akaingia katikati yao, akasimama wima kama anayepigwa picha.

"Andika basi, Papa!"

Niliandika. Ofisini walinirudishia: utaratibu huo hauko katika kanuni. Chini ya kanuni kulikuwa na sahihi yangu.

Sasa nimestaafu, na parsele ile ina ukuta. Wanasheria vijana hunialika niwaeleze jinsi tulivyokiingiza Kiswahili katika kanuni za mashini. Hupiga makofi. Mimi huwaomba waidai descente irudi. Nao huandika, kwa adabu, halafu huuliza tena habari za Kiswahili.

Mama Kavira bado anauza maharagi njia ya kwenda kwangu. Kila akiniona huwaambia wateja wake, kwa heshima kabisa: "Ni huyu Papa aliyefanya tuelewe barua."

Siku hizi ninapitia barabara nyingine.